Mkono Uliochora Mambo ya Kale: Maisha ya Bibi Mary Leakey



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye maisha yake yaweza kuwafaa vijana. Nimemchagua Bibi Mary Leakey, mtaalamu wa chimbuko la binadamu na mchoraji. Huenda wengine mkashangaa, maana kazi yake aliifanya mbali na Mbinga na mbali na Ziwa Nyasa letu, huko kaskazini na katikati ya nchi. Lakini ninayo sababu yangu, na sababu hiyo ni deni.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu kijana wa Historia. Siku moja nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza habari za binadamu wa kale. Niliandika ubaoni kwamba Dakta Leakey alivumbua fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959. Nilipogeuka nikamwona kijana mmoja, mtoto wa milima ya upande wa Litembo, ameinamia daftari wala hanakili. Alikuwa anachora ngoro za shamba la kwao. Alichora mteremko mzima, mashimo yamepangwa safu kwa safu, na pembeni shimo moja amelikata katikati ili zionekane nyasi zilizofukiwa chini ya udongo. Nikaichana karatasi ile mbele ya wenzake na kumpeleka kuchanja kuni za jikoni. Nilidhani nimefanya kazi ya mwalimu. Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Bibi Leakey, nikatambua kwamba siku ile nilikosa mara mbili.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Februari, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na riziki ya nyumba yao ilitokana na picha alizouza. Kwa ajili ya kazi hiyo alisafiri mara kwa mara, hasa kusini mwa Ufaransa, akiwa na mkewe na binti yao wa pekee. Mama yake, Cecilia Frere, alitoka katika ukoo wa John Frere, yule ambaye mwaka 1797 alitambua kuwa mawe yaliyochongwa yaliyofukuliwa Suffolk yalikuwa zana za watu wa zamani mno. Basi mtoto alirithi pande zote mbili: mkono wa kuchora kwa baba, na mawe kwa mama.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, familia ilikaa katika bonde la Dordogne, Ufaransa, ambako kuna mapango yenye michoro ya watu wa kale. Huko aliruhusiwa kuokota zana za mawe katika vifusi vilivyotupwa na wachimbaji. Padri mmoja, Amédée Lemozi, aliwaingiza yeye na wazazi wake katika pango la Pech Merle, akaona farasi na ndovu waliochorwa ukutani maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 1926 baba yake akafariki, na furaha ile ikakoma ghafula.

Mama akarudi London na kumpeleka binti katika shule za watawa. Mary, aliyezoea kujifunza akitembea na baba yake, hakuyaweza maisha ya darasani. Katika shule moja alikataa kukariri mashairi akajificha, akafukuzwa. Katika nyingine alisababisha mlipuko katika somo la Kemia, akafukuzwa tena. Hakupata kufaulu mtihani wowote wa shule. Wanafunzi wa sasa, nawaomba msilisome jambo hili kwa pupa. Siwaandikii ili mkalipue maabara yetu, ambayo tumeipata kwa jasho. Milango mingi ilifungwa mbele ya binti huyu kwa sababu hakuwa na cheti, na Chuo Kikuu cha Oxford hakikuwa tayari kumpokea. Ulibaki wazi mlango mmoja tu, nao ulikuwa mkono wake.

Alianza kuhudhuria mihadhara ya akiolojia mjini London bila kutafuta shahada, na tangu mwaka 1930 akashiriki katika uchimbaji wa Hembury, kusini magharibi mwa Uingereza. Pale alipewa kazi ya kuchora zana za mawe zilizofukuliwa. Ili uchore jiwe lililochongwa na binadamu, sharti uone kila kovu lilipo, pigo lilitoka upande gani, na lipi lilitangulia jingine. Asiyeelewa jiwe lilivyotengenezwa hawezi kulichora sawasawa. Michoro ya Mary ilikuwa safi kiasi kwamba mtaalamu mashuhuri, Gertrude Caton-Thompson, alimwomba amchoree zana alizofukua katika Fayum, nchini Misri. Mama huyo ndiye aliyemjulisha kwa Louis Leakey mwaka 1933.

Louis alikuwa mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903. Alihitaji mchoraji wa kitabu chake, Adam's Ancestors, kilichotoka mwaka 1934. Kazi ya kitabu ikazaa mapenzi, ndoa ya kwanza ya Louis ikavunjika, na watu wengi wa Cambridge wakachukizwa. Sifichi jambo hilo, maana liliwagharimu. Mwaka 1935 Mary alimfuata Tanganyika, akaliona bonde la Olduvai kwa mara ya kwanza, na tarehe 24 Desemba, 1936 wakaoana. Walijaliwa watoto watatu wa kiume.

Katika safari ile ya mwaka 1935 walipita pia Kondoa, na Mary akaiona michoro ya miambani ambayo hakuisahau. Lakini ilimbidi angoje miaka 16 kabla ya kurudi kuifanyia kazi. Kwanza zilikuja kazi nyingine, na iliyompa jina ni ile ya mwaka 1948, alipopata fuvu la sokwe wa kale aitwaye Proconsul katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, na kuviunganisha vipande vyake kimoja kimoja.

Hatimaye, mwaka 1951, alipiga kambi Kondoa kwa miezi mitatu. Aliweka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya mwamba, akafuata kila mstari kwa mkono, kisha akaichora upya picha kwa kipimo kidogo na kuipaka rangi kwa kulinganisha na rangi ya mwambani. Kwa njia hiyo alinakili takriban picha 1,600: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine wakipiga ala za muziki. Pale Kolo alinakili picha ya watu watano, aliye katikati akivutwa huku na huku. Wapo wanaosema ni utekaji, wapo wanaosema ni ngoma. Mary alitanguliza kwanza kuchora kilichopo, mstari kwa mstari, na maelezo yakaja nyuma. Jua, mvua na moshi vimeendelea kuila miamba ile, na mahali pengine nakala yake inaonyesha zaidi ya anavyoweza kuona msafiri wa leo. Mwenyewe aliihesabu miezi hiyo mitatu kuwa miongoni mwa nyakati njema kabisa za maisha yake. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa nafika katika kosa langu la kwanza. Asubuhi ya tarehe 17 Julai, 1959, Louis alikuwa amelala kambini Olduvai, ana homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake. Katika mteremko mmoja macho yake yaliona mfupa umechomoza, na alipopangusa udongo akaona meno mawili makubwa. Alikuwa Mary, siye Louis, aliyelivumbua fuvu la Zinjanthropus. Lilikuwa limevunjika vipande kama 400, na kazi ya kuviunganisha ilihitaji macho yale yale yaliyozoea kufuata mstari. Baadaye umri wa fuvu ulipimwa ukaonekana kuwa miaka 1,750,000 hivi, jambo lililoishangaza dunia. Mwaka 1965 lilirudishwa Tanzania, na limewekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lakini Louis ndiye aliyekuwa msemaji na mhadhiri, hivyo magazetini na katika vitabu vyetu jina la Dakta Leakey ndilo lililotangulia. Nami niliyanakili makosa hayo ubaoni, kwa chaki, mbele ya watoto 40.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba hawa wawili hawakuchimba peke yao. Walikuwapo Waafrika waliojifunza kazi hiyo hadi wakawa mabingwa, kama Heselon Mukiri, aliyekuwa na Louis tangu siku za mwanzo, na Peter Nzube, ambaye mwaka 1968 aligundua fuvu jingine muhimu hapo Olduvai. Vitabu vya shule viliwasahau hao kuliko vilivyomsahau Mary.

Mwaka 1971 Mary alitoa kitabu kikubwa juu ya tabaka za chini za Olduvai. Humo zimo ramani alizosimamia mwenyewe, zinazoonyesha kila jiwe na kila mfupa mahali ulipolala, hata msomaji anaweza kuona binadamu wa kale alikaa wapi na alipasua mifupa wapi. Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba, 1972, na wakati huo kila mmoja alikuwa ameshika njia yake katika kazi. Wengi walidhani Mary naye atanyamaza.

Hakunyamaza. Mwaka 1978 na 1979, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, yeye na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, miaka ipatayo 3,660,000 iliyopita. Nyayo zilikuwa kama 70 katika njia ya meta 27 hivi. Mama wa miaka 65 alipiga magoti juani na kusafisha unyayo mmoja baada ya mwingine kwa brashi na vyombo vidogo. Zilipimwa, zikachorwa, zikapigwa picha, kisha zikafukiwa tena zisiharibike.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, hakuwa na subira na wazembe, alivuta biri kubwa siku nzima, na watu walisema mbwa wake walipata maneno mazuri kuliko wageni wake. Lakini mwaka 1981 chuo kile kile cha Oxford kilimtunukia udaktari wa heshima, yeye asiye na hata cheti cha shule. Mwaka 1982 alipoteza nuru ya jicho moja. Mwaka uliofuata ndipo michoro ya Kondoa ilipotoka katika kitabu, miaka 32 baada ya kuichora. Alihamia Nairobi, na huko akafariki tarehe 9 Desemba, 1996, siku ya sikukuu ya Uhuru wetu, akiwa na miaka 83.

Ndugu zangu, kosa langu la pili sasa mnalijua. Yule kijana alikuwa anafanya pale pale darasani kazi iliyomfikisha Mary Leakey alikofika. Ngoro huonwa na kila apitaye barabara ya Mbinga. Lakini mpita njia huona mashimo tu. Haoni kwamba nyasi zilifyekwa zikapangwa miraba, kwamba udongo wa katikati ulichimbwa ukazifunika, kwamba shimo hushika maji ya mvua ili mlima usiporomoke, na kwamba nyasi zikioza huwa mbolea ya maharage na mahindi. Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa amekata shimo kwa penseli na kuonyesha yaliyomo ndani. Aliielewa ngoro kuliko mimi mwalimu wake, na karatasi yake niliitupa jalalani.

Nawaomba wanafunzi: someni, fanyeni mitihani, wala msichore wakati mwalimu anafundisha. Lakini jioni, shikeni penseli. Bibi zenu wangali wanajua jinsi nyasi za ngoro zinavyolazwa. Kule Liuli na Mbamba Bay wako wazee wanaojua kuchonga mtumbwi kutoka gogo moja, na kina mama wanaojua kuanika usipa mvua isiuharibu. Chora kila hatua, andika tarehe na mahali. Waliochora Kondoa hawakuacha majina, na pasingekuwa na mtu wa kuketi miezi mitatu mbele ya miamba yao, mengi yangekwisha kufutika.

Nanyi walimu vijana, mkimkamata mtoto anachora, mkanyeni, lakini itazameni kwanza karatasi.

Na wewe mwanafunzi wangu wa mwaka 1981, ambaye sasa ni mzee kama mimi, ikiwa jarida hili litakufikia, njoo kwenye mkutano wetu. Nitakuletea daftari jipya na penseli. Nakuomba unichoree ile ngoro tena, na safari hii nitakaa kimya nijifunze.