Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mwalimu wa Desturi Ndogo

Ndugu wakristu, katika jubile ya parokia yetu inafaa tuwakumbuke waliotutangulia katika imani. Mmoja wao ni Mwenye Heri Isidore Bakanja, mlei wa nchi yetu ya Kongo, asiyekuwa padri wala mtawa. Wengi wanajua namna alivyokufa. Lakini kifo chake kilitoka katika maisha yake, kama tunda linavyotoka katika mti wake.

Bakanja alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika kijiji cha Bokendela, upande wa Ekwateri, katika jamii ya Wamongo. Akiwa kijana alikwenda Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo, akawa msaidizi wa fundi wa kujenga. Huko Mapadri Watrapisti walimfundisha dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vitambaa viwili vidogo vinavyovaliwa shingoni.

Tangu hapo alishika desturi tatu: kuvaa skapulari yake bila kuificha, kusali rozari, na kuwafundisha wenzake sala baada ya kazi. Hakuna aliyemweka kuwa katekista, lakini watu walimwona hivyo. Wala sala haikumfanya mvivu. Alitumika kwa bidii na uaminifu.

Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja wa kampuni, akamfuata mpaka Ikili. Msimamizi wa shamba la mpira la huko aliwachukia wamisionari. Akamkataza Bakanja kufundisha sala, akamwamuru aivue skapulari. Bakanja akaomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Mwaka wa 1909 msimamizi akamnyang'anya skapulari kwa nguvu, akaamuru apigwe kwa fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari. Mapigo yalipita mia moja. Kisha akafungwa minyororo.

Mkaguzi wa kampuni alipokuwa anakuja, Bakanja alifukuzwa ili asionekane. Akajikokota mpaka msituni, na mkaguzi akamkuta akiwa na mgongo uliooza kwa vidonda, akamchukua na kumtunza. Mwezi wa Julai wamisionari wakafika, wakampa sakramenti, wakamsihi amsamehe aliyemtesa. Akawajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri.

Msamaha wa namna hii haupatikani kwa saa moja. Neema ni ya Mungu, lakini moyo wa Bakanja ulikuwa umezoea kuipokea siku kwa siku. Asiyezoea kusamehe neno baya la jirani atawezaje kusamehe fimbo? Basi tusingoje siku kubwa ya majaribu. Tuanze leo jioni: tusali pamoja nyumbani, tulipe deni tulilolichelewesha, tumsalimu yule tuliyeacha kumsalimu. Fadhila hujengwa tofali juu ya tofali, kama ukuta wa kanisa letu.

Mwenye Heri Isidore Bakanja, utuombee.