Tabibu Aliyepotelewa na Dawa: Maisha ya Daktari Livingstone

Atokaye Bujumbura akafuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini, mwendo wa kilomita kumi na kitu, hufika Mugere. Hapo pana jiwe kubwa lililochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wengi wamjua Livingstone kwa safari zake. Wachache wakumbuka kuwa alikuwa tabibu, na kwamba katika ugonjwa wake mkubwa aliokolewa na Mwislamu.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika nyumba ya kimaskini. Tangu umri wa miaka kumi alifanya kazi katika kiwanda cha pamba, na kitabu chake alikiweka juu ya mashine ya kusokotea ili asome kila apitapo. Alijifunza utabibu mjini Glasgow, akapata cheti mwaka 1840, kisha akaja kusini mwa Afrika akiwa mmisionari. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto. Homa alizitibu kwa vidonge vya kwinini alivyovichanganya mwenyewe, zama ambazo hakuna aliyejua kuwa malaria huletwa na mbu.

Mwaka 1866 alitoka Unguja kwa safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili wa msafara walitoroka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo tabibu akawa mgonjwa asiye na tabibu. Mwanzoni mwa 1869 mapafu yalimwuma hata akashindwa kutembea. Muhammad bin Gharib, mfanyi biashara, alimhurumia: alimletea mtu wa kumpiga chuku kifuani, akamtengenezea chakula, akaamuru achukuliwe kwa machela mpaka Ujiji, walikofika tarehe 14 Machi 1869. Wala hakumwuliza dini yake kwanza.

Lakini haki ina pande mbili. Biashara ya bin Gharib ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na Livingstone aliichukia biashara hiyo. Huko Manyema aliona ugonjwa usiokuwamo katika vitabu vyake: mateka, watu wenye nguvu, walikufa bila homa wala jeraha, wakionyesha kwa mkono mahali penye moyo na kusema hapo ndipo paumapo. Hakuwacheka. Aliwasikiliza, akaandika kuwa walikufa kwa kuvunjika moyo.

Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanyi biashara waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikuwa mamia. Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa mimea. Katika daftari za safari hiyohiyo umo wema wa bin Gharib, na umo uovu wa Nyangwe. Hakufuta huu kwa ajili ya ule.

Alirudi Ujiji akiwa dhaifu, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa na aliyeaminiwa kuilinda. Hapo ndipo Stanley alipomkuta. Mwezi wa Novemba wakapanda mtumbwi pamoja kuja huku kaskazini, kwa kuwa masimulizi juu ya Rusizi yalipingana: wengine walisema mto huo watoka ziwani, wengine kuwa waingia. Tabibu husikiliza habari za mgonjwa, kisha humpima kwa mkono wake. Wakafika mlangoni mwa mto uleule upitao katika uwanda ulio magharibi ya Buterere, wakaona maji yakiingia ziwani. Kwa hiyo ziwa halikulisha Nile kwa njia hiyo. Livingstone aliyakubali aliyoyaona, ijapokuwa hayakuwa aliyoyataka.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka Bagamoyo, walikofika mwezi wa Februari 1874, pamoja na daftari zake. London alitambuliwa kwa mfupa ule uliovunjwa na simba, akazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Habari zake za Nyangwe zilikuwa zimekwisha kuitikisa Uingereza, na mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Mwandishi wake hakuwahi kulijua jambo hilo.

Dawa zake zilipotea njiani, na chanzo cha Nile hakukiona. Kilichobaki ni ushahidi aliouandika bila ya upendeleo, na hisani ya wale waliomwuguza alipokuwa hai na waliomchukua alipokufa. Apitaye Mugere na ayakumbuke yote mawili.