Mtakatifu Bernadette mbele ya Waganga

Wakatekumeni wapenzi, labda jirani amekwisha kuwauliza: mtu akisema ameona mambo ya mbinguni, tutajuaje kama hasemi uwongo, au kama si mgonjwa wa akili? Swali hili si baya. Eklezya yenyewe huliuliza. Sikilizeni maisha ya Mtakatifu Bernadette.

Bernadette Soubirous alizaliwa tarehe 7 Januari 1844 katika mji wa Lourdes, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa msagaji wa ngano, lakini alifilisika, hata jamaa yote ikahamia chumba kimoja chenye unyevu, kilichokuwa zamani gereza. Mwaka 1855 mtoto alishikwa na kipindupindu, na pumu ilimsumbua maisha yake yote. Alipopata miaka 14 alikuwa hajui kusoma, wala hajapokea Komunyo ya kwanza. Maneno ya katekisimu yalikuwa mazito kwake.

Tarehe 11 Februari 1858 alikwenda kuokota kuni karibu na pango la Massabielle, pamoja na mdogo wake na rafiki mmoja. Hapo akamwona Bibi mwenye nguo nyeupe na mshipi wa buluu. Wenzake hawakuona kitu. Hata kufika 16 Julai alimwona mara 18.

Ndipo maswali yalipoanza. Komisari wa polisi alimhoji, akayageuza maneno yake kusudi ajikwae. Mtoto akamsahihisha kwa utulivu. Mganga Dozous alimshika mshipa wa mkono saa ile alipokuwa akiona, akakuta damu yaenda kwa utaratibu. Mwezi wa Machi waganga watatu walitumwa na serikali kumpima. Walidhani pengine macho yake yamedanganyika, lakini hawakuona sababu ya kumfungia hospitalini.

Padri Peyramale naye alikuwa mgumu. Alidai Bibi ataje jina lake. Tarehe 25 Machi Bernadette alirudi akilirudia njiani neno asilolielewa, lisije likampotea: Bibi alijitaja kuwa Mkingiwa dhambi ya asili. Padri alishangaa sana. Lilikuwa neno la wenye elimu, ambalo Baba Mtakatifu Pio IX alikuwa amelitangaza kuwa fundisho la Imani mwaka 1854.

Hata maji ya chemchemi, ambayo Bernadette aliifukua kwa mikono yake, yalipimwa na Filhol, mwalimu wa kemia huko Toulouse. Yakaonekana kuwa maji ya kawaida, yasiyo na dawa. Askofu Laurence hakufanya haraka. Wajumbe wake walichunguza zaidi ya miaka mitatu, na tarehe 18 Januari 1862 ndipo alipotangaza kwamba waamini wana haki ya kusadiki.

Tangu mwaka 1883 iko Lourdes ofisi ya waganga. Mtu akisema amepona, wao huuliza: ugonjwa ulijulikana hakika? Ulikuwa mzito? Kupona kulikuja ghafula, kukamilika, kukadumu? Mganga husema tu kwamba elimu yake haioni sababu. Askofu ndiye anayesema ni mwujiza. Watu kama 7,000 wameandikisha kupona kwao, lakini hata mwaka 2018 Eklezya ilikuwa imekubali 70 tu.

Basi fahamuni vema. Elimu yaweza kupima mshipa, maji na mfupa uliopona. Yaweza kuvumbua udanganyifu. Lakini Bibi mwenyewe hawekwi katika mizani. Wala Eklezya haimlazimishi mtu kusadiki maono ya namna hii, maana hayamo katika Imani tunayoiungama siku ya ubatizo.

Je, Bernadette mwenyewe? Watu walimpa fedha, naye alizikataa, ingawa nyumbani kwao njaa haikuwa mgeni. Hakumlazimisha mtu kumsadiki. Alijua kazi yake ni kusema aliyoyaona, basi. Mwaka 1866 aliingia utawani huko Nevers, akawauguza wagonjwa, naye mwenyewe akaugua kifua na mfupa wa goti. Alikufa tarehe 16 Aprili 1879, mwenye miaka 35. Tarehe 8 Desemba 1933 Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza Mtakatifu.

Mkiulizwa nanyi, msikasirike, wala msiongeze neno ili mshinde. Semeni kweli kwa upole, kama mtoto yule asiyejua kusoma.