Jean Depara, fundi wa baiskeli aliyetuachia usiku wa Kinshasa

Jean Depara hakusomea upigaji picha. Alizaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo aina ya Adox kwa ajili ya harusi yake tu. Harusi ikaisha, lakini kamera hakuiweka chini, ingawa aliendelea kutafuta riziki kwa kutengeneza baiskeli na saa.

Mwaka 1954, mwanamuziki Franco alimfanya mpiga picha wake. Depara akaingia katika baa na kumbi za dansi za Léopoldville, Kinshasa ya leo, akiwapiga picha vijana waliovaa vizuri. Wakati huo filimu moja ilitoa picha chache, na kila kosa lilikula pesa. Ilibidi kutazama vizuri kabla ya kubonyeza.

Tangu 1975 hadi 1989 alikuwa mpiga picha wa Bunge. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa mjini Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo. Leo, anayetaka kujua vijana wa Léopoldville walivyojipamba na kucheza kabla ya uhuru, anazitazama picha za fundi huyo.