Konstantin Tsiolkovsky (1857–1935)

Mtahiniwa, jina hili huwapiga chenga wengi, basi lizoee mapema. Tsiolkovsky alizaliwa katika kijiji cha Izhevskoye, Urusi. Akiwa na miaka kama 10, ugonjwa ulimwachia uziwi, na shule ikamshinda kwa kuwa hakuwasikia walimu. Alipofika miaka 16 baba yake alimpeleka Moscow, akajisomea hisabati na fizikia maktabani. Alikula mkate mweusi ili fedha ibaki ya vitabu. Kisha alifaulu mtihani wa ualimu, akafundisha Borovsk na, kuanzia 1892, Kaluga.

Kazi zake nyingi alizifanya nyumbani, baada ya vipindi. Alipendekeza puto kubwa la injini lisilo la kitambaa, bali la mabati membamba yenye mikunjo, kama ya paa lako, ili litanuke na kusinyaa pamoja na gesi. Mwaka 1894 alieleza ndege ya fremu ya chuma, na 1897 akajenga mtambo wa kupuliza upepo ili apime jinsi hewa inavyokinza maumbo mbalimbali. Mwaka 1895 aliwaza mnara wa kufika anga za juu, wazo alilolipata kwa mnara wa Eiffel wa Paris. Hakuna chuma ambacho kingeubeba.

Shika hasa kazi ya 1903, maana hapo ndipo watahiniwa hukosea. Alionyesha kwamba kasi ya roketi hutegemea kasi ya gesi inayotoka, na uwiano wa tungamo la roketi iliyojaa kwa lile la roketi tupu. Tuseme iliyojaa ni mara 4 ya tupu. Ukitaka kasi maradufu, utasema mara 8? Hapana, ni mara 16! Kuzunguka dunia kunahitaji takribani kilomita 8 kwa sekunde, hivyo mafuta humeza karibu chombo chote. Ndiyo sababu alichagua haidrojeni na oksijeni za kimiminika, na mwaka 1929 akaeleza roketi zilizounganishwa kama behewa za treni: iliyokwisha mafuta inaachwa, zilizobaki zinaendelea zikiwa nyepesi.

Ukiulizwa alirusha roketi ngapi, usibuni. Hakurusha hata moja. Alifia Kaluga mwaka 1935. Sputnik, iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957, ilipanda kwa roketi iliyoangusha sehemu zake njiani.