Vazi la Léotard

Jules Léotard alizaliwa mwaka wa 1838 mjini Toulouse, Ufaransa, ambako babake alikuwa mwalimu wa michezo ya viungo. Ujanani alijizoeza kuruka kutoka bembea moja hadi nyingine juu ya bwawa la kuogelea, ili akiponyokwa aangukie maji. Mnamo Novemba 12, 1859, aliuonyesha ujuzi huo katika sarakasi jijini Paris, na mwaka wa 1861 akawastaajabisha watu wa London.

Alivaa vazi moja lililoushika mwili wote. Kanzu au shati pana lingenaswa na kamba, na kuchelewa nukta moja hewani kungemwangamiza, kwani hakutandaziwa wavu. Vazi lilo hilo lilidhihirisha umbo lake, watazamaji wakavutiwa. Alifariki mwaka wa 1870 kwa maradhi, wala hakuanguka. Wafaransa waliliita vazi hilo maillot. Waingereza ndio waliolipa jina lake baada ya kifo chake.

Siku hizi mavazi ya wanajimnastiki hurembwa kwa vito na shanga. Mwalimu anayewachagulia wanafunzi wake na afuate utaratibu wa Léotard: kwanza vazi lisinase wala lisiteleze, ndipo lipendeze.