Robert Hadfield, baba wa vyuma vya mchanganyiko

Ndege ya abiria inapogusa ardhi katika uwanja wa Kigoma, kwa muda mfupi sana uzito wake wote, pamoja na kishindo cha kushuka, huangukia miguu michache. Miguu hiyo haiwezi kunenepeshwa tu ili iwe imara, kwa sababu ndege nyingi hulazimika kuikunja na kuificha tumboni zikisharuka. Ingetengenezwa kwa chuma kama kile cha nondo, ingekuwa minene na mizito mno. Ndiyo maana katika ndege nyingi kubwa hutumika chuma cha namna nyingine kabisa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Ndege za Wabelgiji zilizokuja kuangusha mabomu hapa Kigoma mwezi Juni 1916, zikiiwinda meli ya Wajerumani ambayo leo tunaiita Liemba, zilikuwa za mbao na kitambaa, na zilitua juu ya maji ya ziwa. Lakini elimu ya vyuma vinavyobeba ndege za leo ilikuwa imeshaanza, na mmoja wa walioifungulia njia ni Mwingereza Robert Abbott Hadfield.

Hadfield alizaliwa tarehe 28 Novemba 1858 huko Attercliffe, katika mji wa Sheffield, mji uliojulikana dunia nzima kwa visu na vyuma vyake. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kusubu chuma, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Kijana hakwenda chuo kikuu. Aliingia kiwandani kwa baba yake, na humo akaanza kufanya majaribio.

Kabla ya kusema alichogundua, tukumbushane kidogo. Chuma kitupu ni laini. Ukitia kaboni kidogo, hata chini ya asilimia moja, kinakuwa chuma cha pua, kigumu zaidi, kile ambacho watu wa pwani walikiita feleji kikiwa bora. Mhunzi yeyote wa kijijini anajua kinachofuata: ukikipasha moto hadi kiwe chekundu na ukakizamisha ghafla majini, kinakuwa kigumu sana, lakini pia kinakuwa rahisi kuvunjika. Hapo ndipo shida ya mafundi wote ilipokaa. Chuma kigumu huvunjika, na chuma kisichovunjika hupinda.

Hadfield alikuwa akitafuta chuma kigumu cha magurudumu ya kusagia na ya tramu. Alijaribu kuongeza manganizi, madini ambayo mafundi wa wakati ule waliyatia kwa kipimo kidogo tu. Walikwisha kuona kwamba ukizidisha, chuma kinavunjika, na wengi wakaishia hapo. Yeye aliendelea kuongeza. Mwaka 1882, akiwa na umri wa takriban miaka 24, alipofikisha kiasi cha asilimia 12 hivi, mambo yaligeuka. Alipokipasha moto sana na kukizamisha majini, chuma hicho hakikuwa chepesi kuvunjika kama vyuma vingine. Kilikuwa kinyume chake: kilipinda bila kukatika. Halafu kilipogongwagongwa, pale palipogongwa ndipo pakazidi kuwa pagumu. Na sumaku haikukishika, ingawa sehemu kubwa yake ni chuma!

Ungetarajia watu wangekikimbilia, lakini sivyo. Alikata hati ya haki ya ugunduzi mwaka 1883, akaueleza utafiti wake mbele ya wahandisi jijini London mwaka 1888, mwaka uleule baba yake alipofariki na kumwachia kiwanda, na bado soko lilikuja polepole. Chuma hicho ni kigumu kuchonga, na hilo liliwakatisha tamaa wateja. Kilikuja kupata kazi kwenye njia panda za reli, mahali ambapo magurudumu ya treni hugonga mchana na usiku, na kwenye mashine za kuponda mawe. Hadi leo ukiona taya za mashine ya kokoto, au meno ya mashine za kuchimba migodini, kuna uwezekano mkubwa ni chuma cha Hadfield.

Kuhusu ndege, ugunduzi wake wa pili ndio ulio karibu zaidi. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 aliichunguza silikoni, ambayo hupatikana katika mchanga wa kawaida, na akaeleza inachofanya ikitiwa ndani ya chuma. Kwanza faida yake ilionekana kwenye umeme: chuma chenye silikoni hupunguza umeme unaopotea ndani ya transfoma. Transfoma iliyoko juu ya nguzo kijijini kwako kwa kawaida ina chuma cha aina hiyo ndani yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilimtajirisha. Kiwanda kilitengeneza makombora ya kutoboa meli za kivita, na mwaka 1915 kofia za askari wa Uingereza zikaanza kutengenezwa kwa chuma chake cha manganizi. Wakati huohuo mke wake Frances, Mmarekani kutoka Philadelphia, alikuwa akiendesha hospitali ya majeruhi huko Wimereux, Ufaransa. Mume anatengeneza makombora na kofia, mke anafunga vidonda. Sijui mezani kwao walizungumza nini. Hawakujaliwa watoto.

Jambo moja linalonipendeza kwake ni kwamba hakuwadharau wahunzi wa kale. Mwaka 1912 alichunguza chuma cha nguzo maarufu ya Delhi, India, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, na vyuma vya kale vya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hakufika kwetu. Angefika Ufipa, kusini mwa ziwa letu, angekuta matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambamo wazee waliyeyusha mawe ya chuma bila kitabu chochote.

Alifariki tarehe 30 Septemba 1940. Miaka kumi na kidogo baadaye, katika miaka ya 1950, wataalamu wa Marekani walitengeneza chuma kinachoitwa 300M. Ndani yake mna kaboni, nikeli, kromi, molibdenamu na vanadi, na silikoni ya kiasi cha asilimia 1.6. Silikoni hiyo ndiyo inayokiwezesha kuchomwa tena kwa moto wa wastani baada ya kuzamishwa, kikapunguza wepesi wa kuvunjika bila kupoteza nguvu. Kijiti chake chenye upana wa sentimita moja na unene wa sentimita moja huweza kuning'iniza takriban tani 19 kabla ya kukatika. Chuma cha kawaida cha ujenzi huishia tani 4 au 5. Miguu ya Boeing 747 ilitengenezwa kwa chuma hiki.

Lakini kina udhaifu wake. Kinapata kutu, na shimo dogo la kutu au mkwaruzo wa spana unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Hata hewa ya haidrojeni inayoingia wakati wa kukipaka kinga ya kutu huweza kukidhoofisha, hivyo baada ya kupakwa huokwa kwenye tanuri kwa saa nyingi ili haidrojeni itoke. Ndiyo sababu miguu ya ndege ina muda wake wa kufunguliwa na kukaguliwa, hata kama kwa macho inang'aa. Abiria anayelalamika kwamba ndege imeahirishwa kwa sababu ya ukaguzi wa magurudumu pengine angetulia akilijua hili.

Na nikeli, ambayo bila yake vyuma vingi vya aina hii visingekuwepo, iko jirani. Ukipanda kutoka Kigoma kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko, ukaendelea hadi Ngara mkoani Kagera, utafika Kabanga, penye akiba kubwa ya nikeli ambayo bado iko ardhini. Kiwanda kikubwa cha Hadfield kule Sheffield, kwa upande wake, hakipo tena. Kilifungwa miaka ya 1980, na tangu mwaka 1990 mahali pake pana maduka makubwa ya nguo, viatu na simu.